Lasanya ya mumiani: picha ni ya chakula kingine, maelezo ni ya chakula kingine

Ndugu wanajukwaa,

Siku mbili zimepita tangu tarehe 31 Oktoba na trei imekwisha kusuguliwa, lakini hasira yangu haijapoa, na nimeona afadhali niimalizie hapa kuliko kuwamalizia watu wa nyumbani kwangu. Ninaishi Minnesota, na safari hii zamu ya kuwalisha watoto wa mtaani kwetu kabla hawajatoka kugonga milango ya watu kudai peremende za Halloween iliniangukia mimi. Walikuwa watoto tisa na wazazi watano. Nikachagua chakula ambacho msimu mzima kimekuwa kikiniandama kwenye simu: lasanya, chakula cha Kiitalia cha tabaka za tambi bapa, sosi na jibini, inayookwa katika trei ya inchi 9 kwa 13, ambayo juu yake hulazwa vipande virefu vya tambi bapa vilivyokatizana kama vitambaa alivyoviringishiwa mumiani, yaani maiti wa Misri ya kale, na katikati ya vitambaa hivyo huchungulia macho mawili ya jibini nyeupe yenye mboni za zeituni nyeusi. Kwenye picha, macho hayo ni ya duara kamili, meupe pe, yanakutazama kana kwamba yanakudai.

Maelezo yaliyo chini ya picha, kwenye ukurasa wa mtandaoni nilikoitoa, yanasema, na nayatoa jinsi nilivyoyaelewa baada ya kuyasoma mara tatu, kwamba ukishapanga tabaka zote na kuweka vitambaa na macho, utaingiza trei ovenini kwa nyuzi 375 za Farenhaiti, yaani takriban 190 za Selsiasi, kwa dakika 45, kisha utapakua. Nilifanya hivyo hivyo. Sikuongeza langu wala sikupunguza la mwandishi.

Baada ya dakika kumi nilichungulia kwenye kioo cha oveni nikaona jicho la kushoto limeanza kulala. Dakika ya ishirini lilikuwa limemwagika mpaka ukingoni mwa trei na mboni yake imeteleza ikanasa kwenye kona, huku la kulia likiwa limesambaa kama yai la kukaanga lililopasuka. Macho hayo, kwa asiyejua, ni mozzarella mbichi, ile inayouzwa katika vidonge vidogo mfano wa cheri vikielea ndani ya maji yenye chumvi. Jibini hiyo huanza kulegea na kutiririka mapema sana, kabla hata haijafikia joto la maji yanayochemka, na kwa kuwa imejaa maji, ikiyeyuka huyaachia yote. Kwa hiyo mumiani wangu hakupofuka tu, bali alizungukwa na dimbwi la maji meupe lililoingia chini ya vitambaa na kuirojesha sosi niliyoihangaikia karibu nusu saa ikauke. Hakuna jibini ya namna hiyo inayoweza kukaa dakika 45 katika nyuzi 190 ikatoka ikiwa duara. Haipo. Aliyepiga ile picha aliyaweka macho baada ya kutoa trei ovenini, au hakuiingiza trei ovenini kabisa, halafu akakaa akatuandikia mengine.

Vitambaa navyo vilikuwa na kisa chao. Tambi ya lasanya huiva na kubaki laini kwa sababu imezikwa ndani ya sosi inayoinywesha maji. Ile iliyo juu, tupu, haina wa kuinywesha, na hewa kavu ya oveni hunyonya hata yale maji iliyoingia nayo. Vyangu vilikauka, vikajikunja ncha, na mtoto mmoja akavunja kipande kwa vidole kama anayevunja papadi. Wenzake walifurahi, nakiri, kwa sababu kilitoa mlio. Lakini mzazi mmoja mwenye jino bovu hakufurahi, na mimi ndiye niliyempakulia.

Nilipompigia mama simu Tanga kumlilia, nikamwambia kwamba lasanya ya mumiani imeniharibikia, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huko mnakula nini?" Ilinibidi nikumbuke kwamba kwa mtu wa umri wake aliyekulia pwani, mumiani si maiti aliyefungwa vitambaa, bali ni wale watu wa usiku waliosemwa kukamata wapita njia na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa, habari ambayo kule Nairobi na Kampala walisingiziwa wazimamoto enzi za ukoloni. Neno ni lile lile, limepita njia mbili tofauti. Nilimfafanulia kwamba hiki ni chakula cha watoto, chenye nyama ya ng'ombe na nyanya, naye akasema basi hata jina lenyewe walichague vizuri. Katika mambo yote niliyoyasikia juu ya lasanya hii, hilo ndilo la maana kuliko yaliyoandikwa kwenye ukurasa ule.

Narudi kwenye malalamiko. Chini ya maelezo kuna kifungu kinachomshauri mpishi anayetaka utisho zaidi atumie tambi nyeusi, na hakisemi lolote kuhusu weusi huo unatoka wapi, kana kwamba ngano nyeusi huota shambani. Tambi nyeusi zinazouzwa madukani kwa kawaida zimetiwa wino wa ngisi. Mimi nimekulia pwani, sina ugomvi na ngisi, lakini kati ya watoto tisa waliokuja kwangu mmoja hali chochote chenye gamba wala mnyiri, kwa sababu humvimbisha koo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 kuhusu vizio vya chakula, yaani vitu vinavyoleta mzio, inalazimisha vifungashio kumtaja waziwazi kamba, kaa na jamii yao, lakini haikuwaingiza ngisi, pweza wala chaza. Hata ufuta ulipoongezwa katika orodha hiyo na kuanza kutumika mwaka 2023, ngisi aliachwa nje. Ina maana kwamba kwenye kisanduku utaukuta wino umeandikwa kwa herufi ndogo kati ya viambato, bila onyo lolote la kukushtua. Katika nchi ambayo tangu mwaka 2014 kaya nyingi huweka mlangoni boga lililopakwa rangi ya samawati ya kijani ili kuwaarifu wazazi kwamba hapa mtoto mwenye mzio atapata zawadi isiyo ya kula, mwandishi wa chakula cha Halloween hawezi kudai kwamba jambo hili hajawahi kulisikia.

Wapo waliotoa maoni chini ya ukurasa wakapendekeza badala ya wino mtu atie unga wa mkaa, ule unaouzwa katika vidonge vya maduka ya dawa, na mwandishi akawajibu kwa kialama cha moyo. Mkaa ule hospitalini hupewa mtu aliyekunywa sumu, kwa sababu hunasa vitu tumboni visiingie mwilini, na haubagui: sumu utainasa, na kidonge cha presha alichomeza mgeni wako jioni utakinasa vilevile. Idara ya afya ya jiji la New York ilianza mwaka 2018 kuzuia mikahawa yake kuuza vyakula vilivyotiwa mkaa huo. Sisi huku majikoni tunahimizwa kwa moyo mwekundu.

Nikabaki na rangi ya chakula, nikaitia kwenye maji ya kuchemshia tambi za tabaka mbili za ndani ili mtoto akikata akutane na giza. Chupa nzima ilitoka. Tambi zilipotoka ndani ya maji zilikuwa nyeusi vizuri, lakini ndani ya oveni rangi ilihama ikaingia kwenye jibini ya rikota, na tulipokata tukakutana na kijivu cha nguo ya shule iliyofuliwa pamoja na jeans. Watoto walitoa ndimi wakalinganisha nani amekuwa mweusi zaidi, na hapo chakula changu kilisifiwa kwa mara ya kwanza na ya mwisho usiku ule.

Kuhusu soseji ya Kiitalia inayotajwa kwenye viambato, nitasema kwa ufupi tu kwamba katika maduka ya hapa, usipoambiwa vingine, soseji hiyo huwa ni ya nguruwe, na mwandishi hakupoteza hata mstari mmoja kutoa mbadala. Nusu ya wageni wangu ni Waislamu. Nilitia nyama ya ng'ombe ya kusaga, vitunguu saumu na mbegu za shamari, ambazo ndizo zinazoipa soseji ile ladha yake, na hakuna aliyeuliza imekosekana nini.

Kinachoniuma hata zaidi ya macho ni muda. Juu kabisa ya ukurasa imeandikwa kwamba maandalizi ni dakika 15 na mapishi dakika 30, ilhali ukurasa huo huo, ukishuka chini, unaamuru kuoka dakika 45. Hesabu yao wenyewe haijumliki! Katika jiko la kweli, kukata vitunguu na kukaanga nyama ni dakika ishirini; sosi ikauke ni dakika ishirini na tano; sufuria kubwa ya maji ichemke na tambi ziive, ishirini nyingine, ambazo kwa bahati unaweza kuziendesha sambamba na sosi; kupanga tabaka ni robo saa, na kukata vitambaa ni zaidi, kwa sababu tambi ya moto hunatana. Kisha oveni. Kisha, jambo ambalo hawakuliandika popote, lasanya lazima ipumzike dakika kumi na tano kabla ya kukatwa, la sivyo kila tabaka hukimbia upande wake. Jumla inapita saa mbili.

Kwa chakula cha siku nyingine saa mbili si neno. Lakini Halloween haingoji mtu. Mwishoni mwa Oktoba jua la huku huzama karibu saa kumi na mbili jioni, na hiyo ni kwa sababu tangu mwaka 2007 Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba badala ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, vinginevyo lingezama saa kumi na moja. Giza likianza tu, watoto wako mlangoni wamevaa makoti makubwa juu ya mavazi yao ya kutisha, kwa kuwa baridi ya Minnesota haina mzaha, na hakuna atakayekaa mezani kungoja tabaka zishikane. Mimi nilianza kupika saa tisa na nusu nikiamini nina muda wa kupoteza. Watoto sita kati ya tisa walitoka wamekula mkate na zabibu.

Jana, kwa ukaidi, nilipika tena kwa tambi zilizobaki. Nilizichemsha dakika mbili pungufu ya zilizoandikwa kwenye kisanduku, vitambaa vya juu nikavipaka mafuta ya zeituni na sosi kidogo, nikafunika trei kwa foili dakika thelathini za mwanzo, kisha nikaiacha wazi dakika kumi na mbili. Macho niliyakausha kwa kitambaa na kuyaweka baada ya trei kutoka ovenini na kupumzika. Joto lililobaki lilitosha kuyalegeza upande wa chini yakashika, na juu yakabaki duara. Yalikuwa yale yale ya kwenye picha. Maelezo haya yameingia katika mistari minne, kwa hiyo asinieleze mtu kwamba nafasi haikutosha.

Nimemwandikia mwandishi wa ukurasa ule nikamwomba arekebishe angalau muda na hatua ya macho. Maoni yangu yamefutwa, lakini pongezi za watu wanaosema "inapendeza, nitaipika siku moja" zote zipo. Ndiyo maana nimeuleta uzi huu hapa. Aliyewahi kuipika, siyo kuitazama, aniambie kama vitambaa vyake vilibaki laini bila foili, na alitumia joto gani, kwa sababu Desemba mwanangu anataka tuioke tena kwa siku yake ya kuzaliwa, na safari hii amedai macho yawe sita.