Naomba ushauri: ukweni Lowassa, nyumbani Magufuli. Nimpimeje mgombea urais?

VitunguuMangola (Arusha):

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitunguu soko la Kilombero. Mwaka 2010 sikuwa nimejiandikisha, kwa hiyo Jumapili ya tarehe 25 Oktoba 2015 itakuwa mara yangu ya kwanza kupiga kura ya rais. Kichinjio, yaani kadi ya kupigia kura, ninacho, nimekihifadhi vizuri.

Mume wangu kwao ni Monduli. Huko hakuna mjadala, ni Lowassa. Mama mkwe alinipigia simu akaniambia Mungu akishawapa mtu wenu, kumkataa ni kujikataa wenyewe. Namheshimu sana mama yule, amenilea kama binti yake, na maneno yake nilikaa nayo usiku kucha. Upande wa pili baba yangu yuko Old Moshi, ana kadi ya CCM tangu chama kinazaliwa 1977. Yeye anasema Magufuli wa CCM ni mchapakazi na Lowassa, aliyehama CCM mwezi Julai baada ya jina lake kukatwa Dodoma, hawezi kuaminiwa kuwa ana uchungu na nchi. Sokoni vijana wa bodaboda wanasema mabadiliko, basi. Jirani yangu wa meza ya nyanya anasema wote ni walewale.

Kila mtu ananitajia jina. Sijapata hata mmoja wa kunieleza mtu anapimwaje. Nikinunua gunia nalifungua, naingiza mkono mpaka katikati, naangalia yaliyooza. Rais namfunguaje?

La pili ni hili. Shemeji yangu mmoja amesema siku ya kura tupige picha karatasi zetu kwa simu, tukikutana ukweni tuonyeshane. Mume wangu amenyamaza tu. Nifanyeje bila kuvunja undugu?

ChaliiWaNgarenaro:

Dada, usijisumbue. CCM na TANU wameongoza tangu 1961, sisi machalii bado tunalala na njaa. Hapa Arusha umeona mwenyewe mafuriko ya watu kwenye mikutano ya Lowassa. Mgombea mwingine nani anajaza uwanja namna ile? Piga Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani uliomsimamisha Lowassa, ulale.

KibarazaMajengo (Moshi):

Kijana wangu wa Ngarenaro, la watu kujaa uwanjani mimi nalijua vizuri, nililiona hapa Moshi 1995. Augustine Mrema alipokuwa akifika, vijana walizima gari lake wakalisukuma kwa mikono. Barabara haikupitika. Mwisho wa hesabu Mkapa alipata kama asilimia 62, Mrema kama 28. Wapo wanaosema mengi kuhusu uchaguzi ule, na ule wa Dar es Salaam ulirudiwa, lakini uwanja wa Moshi haukuwa Tanzania nzima. Watu wa Tabora, Mtwara, Songea hawakuwepo pale.

Sasa nikugeukie wewe mwanangu wa vitunguu. Mimi nilimpigia Mrema, na nilikuwa na sababu. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani alitoa amri za siku saba na watu walitii. Nilimtazama yeye. Ambacho sikukiona kikizungumzwa na mtu yeyote wakati ule ni nani walimzunguka. Chama chake cha NCCR-Mageuzi kiliingia kwenye ugomvi, na kufika 1999 Mrema mwenyewe alikuwa amehamia TLP. Je, angeshinda, baraza lake la mawaziri lingedumu miaka mingapi? Swali hilo ndilo ninalokupa. Rais haongozi peke yake. Kwa upande wa Ukawa, uliza: vyama vinne hivi vitagawanaje kazi, na kwa nini Profesa Lipumba ameachia uenyekiti wa CUF Agosti, na Dakta Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CHADEMA, ametoka kabisa mwanzoni mwa mwezi huu wa Septemba? Kwa upande wa CCM, uliza: huyu Magufuli anayeahidi mahakama ya mafisadi, atawashtaki wenzake waliokaa naye kwenye chama hichohicho wakati wa sakata la fedha za akaunti ya Escrow?

Mwenye jibu la maana kwa swali gumu kuliko yote linalomhusu, huyo ndiye ametafakari urais.

BintiMonduli:

Wifi yangu, naomba nimtetee mama mkwe wako, maana hapa watu watamfanya mkabila.

Sisi wa Monduli tumemzika Edward Sokoine mwaka 1984. Aliondoka akiwa Waziri Mkuu, kwa ajali, na wazee wetu bado wanalitaja jina lake machozi yakiwa karibu. Lowassa naye akawa Waziri Mkuu, akajiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Kwetu wengi wanaamini alibeba mzigo wa wengine. Kwa hiyo mama anaposema "mtu wetu", ndani yake kuna miaka mingi ya kuwa mfugaji anayesukumwa huku na huku na maofisa wasiojua ng'ombe ni nini kwake. Anataka Ikulu awepo mtu asiyehitaji kuelezwa hilo. Hiyo ni haja halali.

Ila mimi mwenyewe, ambaye nampigia Lowassa, sitampigia kwa kuwa tunatoka pamoja. Nampigia kwa sababu alipokuwa Waziri Mkuu shule za kata zilijengwa, na mimi nimesoma mojawapo. Maabara haikuwepo, kweli, na walimu walikuwa wachache mno. Lakini bila ile shule ningekuwa nimeolewa nikiwa na miaka kumi na nne. Kipaumbele chake cha kwanza anasema ni elimu, cha pili elimu, cha tatu elimu. Mimi namwamini kwa kuwa niliona.

KahawaKibosho:

Binti, naheshimu ushuhuda wako, lakini useme yote. Jina la Lowassa lilisomwa na Dakta Slaa pale Mwembeyanga 2007 kwenye orodha ya mafisadi. Chama kilekile kilichosoma orodha sasa kinatuambia ni mtu safi. Nani alituambia uongo, ni wa 2007 au wa 2015? Hili ndilo linalonizuia mimi, na nimekuwa kamanda wa CHADEMA tangu nikiwa kidato cha pili.

Magufuli namjua kwa barabara. Ukitoka Arusha kwenda Namanga leo unajua tofauti. Anazitaja kwa kilomita bila karatasi.

ChaliiWaNgarenaro:

Barabara ya Namanga ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, mzee, na tutaulipa sisi. Hakutoa mfukoni. Na ile habari ya nyumba za serikali kuuzwa akiwa Wizara ya Ujenzi mbona huitaji?

KahawaKibosho:

Naitaja. Ni kweli ziliuzwa, na sijasikia akilieleza nikaridhika. Nimeandika linalonizuia kwa Lowassa. Sikusema Magufuli ni malaika.

MwalimuUsaRiver:

Shikamoo mzee wa Majengo. Nafundisha uraia sekondari, naomba nikae kidogo kwenye swali la dada, kwa sababu naona tunalikimbia.

Dada, kabla ya kumpima mtu, ijue kazi. Siku ile utapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Watu wengi wanampima rais kwa mambo ya diwani. Ushuru wa meza yako Kilombero, choo cha soko, taka zinazokaa wiki nzima, hayo yako halmashauri. Mgombea urais akikuahidi choo cha soko, jua anakupa ahadi ya mtu mwingine. Na diwani asiyefanya kazi usimsamehe kwa sababu unampenda mgombea urais wa chama chake. Ukitaka kuchanganya vyama kwenye karatasi hizo tatu, ni haki yako kabisa.

Sasa mkono wa rais unafika wapi? Kwa katiba yetu ya 1977 unafika mbali sana. Anateua mawaziri, majaji, wakuu wa mikoa na wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, wakuu wa polisi na jeshi. Anaweza kuteua wabunge hadi kumi. Mkurugenzi anayesimamia hela za jiji lako hukumchagua wewe, ni rais. Akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, ibara ya 41 inasema hakuna mahakama itakayochunguza ushindi wake. Na tangu mabadiliko ya mwaka 2000 hahitaji hata kuvuka nusu ya kura, anahitaji tu kuwazidi wengine. Anakaa miaka mitano, na anaweza kurudi mara moja zaidi.

Kwa mamlaka makubwa namna hiyo, mimi swali langu la kwanza kwa mgombea yeyote si atanipa nini. Nauliza atakubali kupunguziwa nini. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka kupunguza baadhi ya madaraka hayo. Bunge Maalumu la Katiba likaifumua, Ukawa wakatoka nje 2014, na kura ya maoni iliyotakiwa iwe Aprili mwaka huu ikaahirishwa. Sikiliza hotuba za wagombea uhesabu mara ngapi wanataja katiba. Mimi nasikiliza kila jioni na nasikitika, upande mmoja hotuba ni fupi mno, upande wa pili tunaonyeshwa pushapu jukwaani. Nchi hii inahitaji zaidi ya hayo kutoka kwa wote wawili.

Swali la pili ni hela. CCM wanaahidi elimu bila malipo mpaka kidato cha nne na milioni 50 kwa kila kijiji. Lowassa anaahidi elimu bure mpaka chuo kikuu. Ada ya msingi ilifutwa zamani, lakini mzazi gani hapa hajadaiwa mchango wa madawati, wa mlinzi, wa mtihani? Ada ya sekondari ya kutwa sasa, 2015, ni shilingi 20,000 kwa mwaka, na mara nyingi michango ndiyo inayomrudisha mtoto nyumbani. Kwa hiyo usiulize kama elimu itakuwa bure. Uliza michango itakatazwa vipi, na shule itanunua chaki kwa fungu lipi. Mgombea asiyesema fungu linatoka wapi anakupa matumaini yake tu.

MamaLisheKijenge:

Mbona mnawataja wawili kana kwamba karatasi ina picha mbili? Wagombea ni wanane. Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo ndiye mwanamke pekee. Anayosema kuhusu maadili ya viongozi ndiyo yaliyotangazwa hapahapa Arusha mwaka 1967. Tumelisahau Azimio wakati mnara wake tunapita kila siku kwenye kifodi, daladala zetu.

ChaliiWaNgarenaro:

Mama, namkubali, ila kura hiyo inapotea. Mwalimu ameshasema, anayewazidi wengine ndiye anashinda. Hakuna duru ya pili.

MamaLisheKijenge:

Ingekuwa imepotea kama ningempa nisiyemwamini.

MsimamiziMstaafu:

Nijibu la picha, kwa sababu nimewahi kusimamia kituo na jambo hili linanikera sana.

Kura ni siri. Siri hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wanasiasa, iliwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe mwenye mama mkwe, baba na shemeji. Hakuna mwenye haki ya kukudai ushahidi, awe mume, bosi, mchungaji, balozi wa nyumba kumi au wakala wa chama. Kumshurutisha mtu kuhusu kura yake ni kosa kisheria. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, unapiga pale ulipojiandikisha tu. Ukipewa karatasi unaingia peke yako kwenye kituturi, unaweka alama ya vema kwenye chumba cha mgombea mmoja, unakunja ndani, unatumbukiza. Karatasi haina jina lako.

Simu iache nyumbani. Wakikuuliza, waambie ukweli: uliiacha. Na kichinjio usimpe mtu "akutunzie". Wapo wanaozunguka wakinunua kadi kwa buku tano buku kumi. Hiyo ni jinai kwa anayenunua na kwa anayeuza.

BintiMonduli:

Wifi, hilo la shemeji ongea na mume wako kwanza, msiwe wawili mnaonyamaza. Mwambie hivi: "Mama nitamsikiliza, nitakaa naye, nitakunywa naye chai, ila kura nitapiga mwenyewe." Wazee wetu wanamheshimu mtu anayesema neno lake bila kuficha uso. Mimi mama yangu hajui nilimpigia nani 2010 na tunapendana.

VitunguuMangola:

Asanteni sana jamani. Mzee wa Majengo, swali lako nimeliandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa mwisho.

Nimeongea na mume wangu jana usiku. Amesema naye ile habari ya picha haikumpendeza, ila aliona aibu kumpinga kaka yake. Atamwambia. Kuhusu mama mkwe, nitakwenda Jumapili baada ya ibada, na nitamuuliza kwa heshima anataka rais awafanyie nini wafugaji. Natumaini atanijibu, kwa sababu tangu kampeni zianze sijasikia mtu akimuuliza yeye.

Sijaamua bado. Nilichogundua ni kwamba ahadi nyingi nilizokuwa nazipima ni za diwani, na diwani wa kata yetu simjui hata sura. Mwalimu, hizo ilani zinapatikana wapi? Nataka kusoma mwenyewe sehemu ya elimu na ya masoko. Mtoto wangu mkubwa anaanza darasa la kwanza Januari.

MwalimuUsaRiver:

Ya CCM unaipata ofisi yao ya kata, ya Ukawa ofisi ya CHADEMA. Ni ndefu, usianze ukurasa wa kwanza, utachoka. Mimi Jumamosi nashuka mjini na daladala ya asubuhi, nitakuletea zote mbili hapo sokoni, na ya ACT kwa ajili ya mama wa Kijenge. Nimeshaweka alama kwenye kurasa za elimu. Niwekee kilo mbili za vitunguu.