Naomba ushauri: Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kwa baiskeli, peke yangu

Wadau, habari zenu. Agosti napanga kuendesha baiskeli kutoka Marsabit hadi Loiyangalani, nikipitia Maikona, Kalacha na North Horr, nikilala kwenye hema. Niko peke yangu. Rafiki niliyemtegemea ameoa juzi na mkewe hataki kusikia habari za jangwa.

Kinachoninyima usingizi ni maji. Mitungi yangu inabeba lita 12, na kwa jua lile nahesabu lita 8 kwa siku za kunywa tu, bado uji na ugali. Najua Kalacha kuna chemchemi, lakini je, maji yake yananyweka au yana chumvi? Ziwa Turkana silitegemei, yale ni magadi.

Halafu miiba ya migunga. Tairi zangu ni za inchi 2. Nitie gundi ya maji ndani ya tyubu, au nibebe viraka vingi tu?

Na ule upepo mkali wa huko: hema linasimama kweli usiku, au kila jioni nitafute manyatta ya Wagabra, wafugaji wa huko, niombe pa kulala? Mgeni akifika hivyo, anaanza kuzungumza na nani? Sitaki kuonekana sina adabu.