Rediata inagonga usiku, ni valvu au boila imekufa? Msaada wakuu

Mpangaji_Leicester: Wakuu heshima kwenu. Nipo Leicester, Uingereza, nyumba ya kupanga, hitingi (mfumo wa kupasha nyumba joto) ni ya boila ya gesi inayochemsha maji. Shida ni rediata (lile bati la ukutani linalopitisha maji ya moto) ya chumba cha watoto, ukiwasha hitingi inakaa kimya afu chumba kikianza kupata joto inaanza ta-ta-ta-ta kama mtu anapiga bomba na nyundo, mpaka jirani tuliyepakana ukuta kaja kuuliza kuna nini. Ina ile valvu ya namba inayojifunga yenyewe chumba kikipata joto, nikiifungua mpaka 5 inanyamaza, nikirudisha 3 fujo inaanza upya. Mwenye nyumba anasema ni upepo, nimeutoa, yanatoka maji matupu. Mwingine ananiambia boila imekufa. Nianzie wapi?

Fundi Spana: Boila haijafa mkuu, asikutishe mtu. Hapo uliposema ukifungua yote inanyamaza umeshajijibu, maji yanapita kinyume kwenye hiyo valvu. Za zamani zina mshale mmoja wa kuonyesha maji yaelekee wapi, na zinataka maji yaje kwa chini ya kizibo yakisukume juu, yakija kinyume basi kizibo kikikaribia kufunga maji yanakibamiza, kinaachia, kinabamizwa tena, ndo huo mlio. Rediata ikiwa ya baridi washa hitingi ushike mabomba mawili ya chini (taratibu, yanaunguza), linalowahi kupata moto ndo linaloingiza maji. Likiwa la upande wa kile kikofia cha plastiki kisicho na namba, mchawi kapatikana.

Shoga wa Reading: Kwangu ilikuwa hivyohivyo, fundi aliweka valvu ya mishale miwili inayokubali maji pande zote, mabomba hakuyagusa. Na pazia lisifunike kichwa cha valvu, joto linakwama hapo kinajifunga wakati chumba bado baridi.

Kobe74: Msisahau pampu inayozungusha maji jamani. Kama rediata zote zina valvu na zikajifunga pamoja, maji yanakosa pa kupita, mabomba yanaanza kupiga miluzi. Ndo maana chumba chenye themostati ya ukutani (swichi inayozima hitingi joto likitosha) rediata yake huachwa bila valvu ya namba. Pampu ya zamani iliyo nje ya boila ina spidi 3, ikiwa juu kabisa shusha moja. Ila kava ya boila usifungue, hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari la mafundi gesi wa huku.

Mtoto wa Temeke: Sisi huku tunatafuta feni nyie mnatafuta joto 😂 endeleeni

Mpangaji_Leicester: Nimeshika mabomba, la kikofia ndo limewahi. Na mshale ni mmoja, unaangalia ndani ya rediata.

Fundi Spana: Basi imekwisha, valvu ipo upande wa kutokea maji. Ibadilishwe iwekwe ya mishale miwili, kuhamisha mabomba ni kujitafutia kazi. Sa hivi iache kwenye 5, joto lipunguzie kwenye themostati ya ukutani.

Dada Bi Mkubwa: Na usitoe hela yako mdogo wangu. Kwa England, kifungu cha 11 cha sheria ya wapangaji ya 1985 kinamtaka mwenye nyumba atengeneze hitingi. Rekodi video ya huo mlio umtumie kwa imeili, simu anaikana huyo.

Fundi Spana: Sahihi dada. Fundi akija akamwaga maji, muulize dawa ya kuzuia kutu, inatoka na maji na wengi hawairudishi.