CD4 38, uvimbe mmoja ubongoni: deksamethasoni ianze leo?

Zamu_Usiku: Wakuu, mgonjwa ana VVU, CD4 (seli za kinga) ni 38 tu, ARV aliziacha zamani. Kichwa kinamuuma, mkono wa kulia umelegea. CT ya kontrasti inaonyesha uvimbe mmoja wa sm 4 kando ya ventrikali, unang'aa kama pete. Ni toksoplazma (maambukizi ya kimelea) au limfoma (saratani ya seli za kinga)? Na deksamethasoni (steroidi) nianze?

Dkt_Kichwa: Deksamethasoni iache, isipokuwa fahamu zinashuka au mboni moja imepanuka. Limfoma huyeyuka kwa steroidi. Ukikata kinyama baada ya siku chache, patholojia wanaweza kuona seli zilizokufa tu. Toksoplazma nayo hunywea kwa kuwa maji yanayoizunguka yamepungua, nawe unadhani kotrimoksazoli (Septrin, dawa ya toksoplazma) ndiyo iliyofanya kazi.

Pima IgG (kingamwili) ya toksoplazma, kisha anza kotrimoksazoli: trimethoprimu 10 mg na sulfamethoksazoli 50 mg kwa kilo kwa siku, dozi mbili. Rudia picha siku ya 10 hadi 14. Akizorota kabla ya hapo, usingoje, omba biopsi (kukata kinyama).

Maabara2: Alikuwa anameza Septrin ya kinga? Kama ndiyo, na IgG ni hasi, toksoplazma inashuka sana kwenye orodha. Kwenye limfoma ya wenye VVU, EBV (virusi vya Epstein-Barr) huwamo karibu kila mara, kwa hiyo PCR (kipimo cha vinasaba vyake) ya maji ya uti wa mgongo inasaidia. Ila kwa CD4 ya chini hivi inaweza kuwa chanya hata bila limfoma. Ubongo ukiwa umesukumwa upande, usichome mgongo kabisa! Na X-ray ya kifua jamani, tuberkuloma (uvimbe wa TB) ipo.

Onko_Wodini: Limfoma ikithibitika, ARV zianze pamoja na tiba, zisingoje imalizike. Methotreksati (dawa ya saratani) ni 3 g kwa mita ya mraba au zaidi: dripu na bikaboneti mpaka pH ya mkojo ifike 7, leukovorini (ya kupunguza sumu yake) saa 24 baadaye, kreatinini (kipimo cha figo) kila siku. Wengi hukwama kwenye kotrimoksazoli: huzuia methotreksati isitoke mwilini, uboho ukaporomoka. Isimamishwe, pamoja na diklofenaki na omeprazoli.

Zamu_Usiku: Ahsanteni. IgG imeenda maabara. Na limfoma kwa asiye na VVU?

Onko_Wodini: Huyo mara nyingi ni mtu mzima wa miaka 60 hivi, EBV kwa kawaida haipo, na uvimbe hung'aa wote, si pete. Aliyepandikizwa figo ni habari nyingine: EBV hurudi, na hatua ya kwanza ni kupunguza dawa za kushusha kinga. Wote wenye limfoma wapimwe macho kwa taa ya mwanya.