Kuchomea nyama nje: sigiri, nusu pipa au jiko la kifuniko?

Baba Tendo (Ntinda, Kampala)
Wandugu, salaam. Mwezi ujao tunambatiza kifungua mimba wetu na wageni watafika arobaini. Nataka kuchoma mwenyewe uani, mbuzi wawili na kuku. Miaka yote nimetumia sigiri ya udongo. Krismasi ilinishinda: mapaja ya kuku yaliungua nje, ukikata unakuta damu mfupani. Yote yakarudi jikoni kuchemshwa, wageni wakala saa kumi. Sitaki yajirudie. Nichukue sigiri tatu, nitengenezewe nusu pipa, au ninunue lile la duara lenye kifuniko linalouzwa madukani?

FundiKatwe
Nusu pipa, ndugu yangu. Si kwa ukubwa tu. Sigiri ilitengenezwa kwa ajili ya sufuria: shimo dogo, makaa yote katikati, wavu umekaa karibu na moto. Mafuta yakidondoka moto unaruka, na nyama huna pa kuihamishia. Pipa la lita 200 likipasuliwa kwa urefu, makaa unayasukuma upande mmoja, ule wa pili unabaki na joto bila moto. Kuku anababuka kwanza huku, kisha anaiva kule polepole hadi mfupani. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Uliza lilibeba nini kabla hujalilipia. La mafuta ya kula ni zuri. Lililobeba dawa za mimea au kemikali liache hata ukipewa bure. Likishapasuliwa, washa ndani yake kuni nyingi mpaka rangi yote iungue, sugua kwa brashi ya chuma, pakaa mafuta ya kupikia, washa tena. Hapo ndipo chakula kiguse.

Nakato_Jinja
Fundi amesema kweli, naongeza la wavu. Usikubali wavu wa mabati yaliyopakwa zinki. Zinki ikishika moto mkali inatoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Nondo nyembamba zisizopakwa kitu zinatosha, au chuma cha pua kama mfuko unaruhusu.

Mimi natumia la kifuniko na silitetei bure. Kifuniko kinarudisha joto juu ya nyama, kwa hiyo kuku mzima anaiva pande zote. Ukimaliza unaziba matundu, makaa yanazimika, kesho unayawasha tena. Pipa lililo wazi linakula mkaa sana. Ila kwa wageni arobaini langu halifai, kuku watatu tu limejaa.

AfandeMstaafu (Gulu)
Mnazungumzia jiko, mkaa je? Huku kaskazini tumeona miti ya shea ikikatwa ikawa magunia, miti ambayo mama zetu walikamulia mafuta. Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia biashara ya mkaa wa kaskazini. Nakuomba, Baba Tendo, uliza gunia lako limetoka wapi.

Briketi jaribu kwa mbuzi. Hapo Kampala zinatengenezwa kwa vumbi la mkaa na maganda ya ndizi. Joto lake si kali, majivu ni mengi, lakini linadumu bila kupandapanda. Kwa kubabua kuku tafuta mkaa wa mti mgumu: gonganisha vipande viwili, mzuri unalia kama kigae.

Shangazi_Busia
Mwanangu, hata jiko liwe zuri vipi, haraka itakuharibia. Mafuta ya taa usimwagie, yatanuka kwenye nyama. Washa kwa vijiti vikavu, subiri makaa yavae majivu meupe. Weka kiganja juu ya wavu bila kuugusa: ukishindwa kuhesabu hadi tatu, ni moto wa kubabua, ukifika sita au saba, ndio wa kuivisha.

Mbuzi usimkatekate. Mguu mzima, mbavu nzima, maji ya chumvi kwenye bakuli na kitawi cha kunyunyizia. Utakata ukishaepua na nyama imepumzika kidogo. Ukipita Namawojjolo, barabara ya Jinja, simama uwatazame wale wachomaji wa kuku wa vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma. Mkono hautulii, wanageuza tu.

Baba Tendo
Shangazi, asante sana. Nimeelewa kosa langu la Krismasi: kuku alikaa juu ya moto mkali mwanzo hadi mwisho. Naenda na pipa. Lakini fundi, kifuniko cha Nakato nakitamani.

FundiKatwe
Usinunue kingine, nusu ya pili ndiyo kifuniko chako. Mwambie anayekuchomelea aweke bawaba mbili nyuma, mshikio wa mbao, matundu ya hewa chini upande wa makaa na moja juu upande wa pili, yote yenye vibati vya kufungia. Moshi utapita juu ya nyama kabla ya kutoka.

Nakato_Jinja
Na mvua ikinyesha siku hiyo, msiliingize gereji. Gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu. Fungeni turubai juu sana, pande zote wazi.

Baba Tendo
Pipa nimelipata Kisenyi, lilibeba mafuta ya kula, ukiinamia bado linanukia. Jumamosi linapasuliwa. Briketi nitazijaribu kwa mguu mmoja wa mbuzi wiki moja kabla, nirudi niwaambie ulichukua saa ngapi.