Mwanangu ameungua jua Saanane, tena chini ya kidevu. Nimfanyeje?

MamaKabula_Igoma
Wakuu, binti yangu ana miaka 8, ana ualbino. Leo tumetoka Saanane, kile kisiwa cha hifadhi hapa Mwanza, na watoto wa jirani. Nilimvalisha kofia ya pama na blauzi ya mikono mirefu, saa mbili asubuhi nikampaka losheni ya jua usoni, na boti ilikuwa na turubai. Nikaona nimemaliza kila kitu.

Kule wakapanda mawe, wakaangalia pimbi, raha tupu. Wakati wa kurudi tukaisubiri boti ukingoni mwa maji kama saa moja na nusu. Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga, hata jasho halikututoka.

Sasa hivi analia. Nimemmulika kwa tochi ya simu: paji la uso salama, lakini chini ya kidevu na kingo za matundu ya pua ni pekundu kabisa, na juu ya mguu, pale kandambili zilipoacha wazi, kuna malengelenge mawili. Jua limepitaje chini ya kofia? Bibi yake anataka nimpake dawa ya meno. Nimemwomba asubiri kwanza.

nesi_nyakato
Pole sana dada. Dawa ya meno hapana, wala mafuta mazito. Lowesha kitambaa safi kwa maji ya baridi, siyo barafu, mwekee dakika 10 mpaka 15, kisha rudia. Mpe maji anywe mara kwa mara, na paracetamol ya watoto kwa kipimo cha uzito wake. Malengelenge usiyatumbue. Akipata homa, akitapika au malengelenge yakiongezeka, mpeleke kituo cha afya usiku huu huu.

Mtoto wa Igombe
Mama, shikamoo. Mimi pia nina ualbino, nimekulia mwaloni. Jua halikupita kwenye kofia, limemjia kutoka chini. Maji yanarudisha mwanga, na yale mawe pia. Halafu upepo unapoza ngozi, kwa hiyo mtu anaungua bila kusikia chochote. Mwanza tuko jirani na ikweta, na ziwa lenyewe liko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, jua letu ni kali hata siku ya baridi.

Losheni ya saa mbili, kufika saa nne inatakiwa kurudiwa. Kila baada ya saa mbili, na kila akilowa. Usisahau masikio, kidevu kwa chini, shingo na miguu. Mimi kwenye mtumbwi navaa soksi, na sijali nani anacheka. Kliniki ya ngozi ulizia Kilisun, losheni ya jua inayotengenezwa Moshi kwa ajili yetu.

dagaa_kirumba
Mimi mweusi tii, na pua ilinibabuka kwa siku moja tu ya kukaa ziwani. Usijilaumu mama.

MamaKabula_Igoma
Marahaba mwanangu, ahsanteni wote. Nimemkanda kwa kipande cha kanga, ameacha kulia, ameomba maji mara mbili. Bibi nimemsomea, sasa yeye ndiye anayelowesha kitambaa. Jumatatu tunakwenda kliniki.