Vibao vya kumbukumbu vya utani: ving'olewe au viachwe?

Wadau, kwenye kuta za Uingereza, Ireland na Marekani kuna vibao vya chuma vilivyoandikwa: "Mahali hapa, mwaka 1897, hakuna kilichotokea." Vinauzwa madukani, mtu ananunua, anakipigilia nje ya nyumba au baa yake. Wapo wanaotaka vipigwe marufuku kwa kuwa vinashusha hadhi ya vibao vya kweli, na wapo wanaosema utani ni utani, watu waachwe wacheke.

Mimi nasema hivi: utani una taratibu zake. Kwetu mtani anaweza kuingia kaburini msibani na kugoma kutoka mpaka alipwe, na hakuna anayekasirika, kwa sababu kila aliyepo anajua huyu ni mtani. Kibao cha 1897 kiko hivyohivyo. Ukikisoma tu umeshaelewa, hakuna aliyedanganywa. Hicho kiachwe.

Cha Dublin ni habari nyingine. Mwaka 2004 kibao cha shaba kiliwekwa kwenye daraja la O'Connell, kwenye nafasi iliyoachwa na mtambo wa saa ya kuhesabu siku kuelekea mwaka 2000. Kilimkumbuka Padri Pat Noise, eti alikufa katika mazingira ya kutatanisha gari lake la farasi lilipotumbukia mto Liffey tarehe 10 Agosti 1919. Padri huyo hakuwahi kuwepo. Jina lake ni mchezo wa maneno ya Kilatini "pater noster", yaani Baba Yetu. Watu walipita juu ya daraja wakikiona, na hakuna aliyeshtuka hadi 2006. Kiliondolewa 2007, kisha kingine kikawekwa palepale.

Wengi wanakipenda. Mimi kinanikera, kwa sababu kinamtaja padri huyo kama mshauri wa Peadar Clancy, na Clancy alikuwa mtu kweli, mpigania uhuru wa Ireland aliyeuawa Novemba 1920 akiwa mikononi mwa Waingereza. Huwezi kuazima jina la marehemu wa namna hiyo ili uongo wako uaminike.

Na msiseme uongo wa jiwe hauna madhara. Tazameni Mugere, kusini mwa Bujumbura. Pale kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Jiwe lenyewe halina kosa: wawili hao walipita pale wakiwa safarini pamoja. Lakini hadi leo kuna watu wanaoapa kwamba hapo ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza, wakati walikutana Ujiji, Kigoma, siku kadhaa kabla. Ikiwa jiwe linalosema kweli linaweza kupotosha kiasi hicho, lililotungwa makusudi litafanya nini baada ya miaka mia, wakati waliolitunga wote wameshakufa na hakuna aliyebaki wa kusema ulikuwa utani?

Kwa hiyo msimamo wangu: kinachojitangaza kuwa ni mzaha kibaki, kinachojifanya cha serikali king'olewe. Kikiwa kimeshapendwa na wenyeji, basi kiwekewe maelezo pembeni.

Mnaokitetea cha Dublin, nijibuni hili la Clancy kwanza. Na aliyefika Mugere atuambie: waongozaji wa wageni pale wanasimulia nini?